R.E.M. ilivyoanza: kanisa bovu, kipanya cha buluu na kura nne

Hata kama hufuatilii rock, "Losing My Religion" utakuwa umeshawahi kuusikia mahali. Ulitoka 1991 na mpaka leo redio hazijauchoka. Kile kinanda chembamba cha nyuzi kinachofungua wimbo ni mandolini, na aliyekipiga, Peter Buck, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza.

Wakati wimbo huo unazunguka dunia, R.E.M. walikuwa na miaka 11 kazini. Wengi tunawajua kuanzia hapo kwenda mbele, lakini kiukweli sehemu yenye mambo ni ya nyuma: 1980 hadi 1988, vijana wanne kutoka mji mdogo wa chuo, hawana hela, hawana mtu mkubwa wa kuwashika mkono, na kila mara mtu akija na ofa wanaitana pembeni kwanza. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana.

Hii ndiyo stori yao.

Athens, siyo ile ya Ugiriki

Tuweke sawa jiografia. Athens tunayoizungumzia iko jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Atlanta. Ni mji wa Chuo Kikuu cha Georgia. Kodi ilikuwa rahisi, wanafunzi wa sanaa walikuwa wengi, na mwishoni mwa miaka ya 70 kukazuka tabia moja nzuri: watu wanaunda bendi ili tu wawe na cha kuchezea kwenye pati za nyumbani.

Pati hizo ndizo zilizowatoa The B-52's na wimbo wao "Rock Lobster" mwaka 1978. Wakafuata Pylon, bendi ambayo wengi huku kwetu hawajawahi kuisikia lakini R.E.M. waliiheshimu mno. Kwa hiyo njia ilikuwa imeshakatwa. Kijana wa Athens alijua inawezekana mtu wa mtaani kwake kurekodi na kwenda New York.

Buck alikuwa muuzaji kwenye duka la santuri linaloitwa Wuxtry. Alikuwa ameacha chuo, anapenda muziki kuliko kitu chochote, na gitaa alikuwa analigusagusa tu. Michael Stipe alikuwa mwanafunzi wa sanaa, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kwenye kuhamahama, mpole, na akiwa na miaka 15 albamu ya Patti Smith, "Horses", ilimgeuza kichwa. Stipe akawa anakuja dukani na kununua zile zile santuri ambazo Buck alikuwa anajiwekea pembeni. Badala ya kugombana wakawa marafiki.

Wengine wawili walitoka Macon, mji mwingine wa Georgia. Mike Mills na Bill Berry walisoma sekondari moja na walikuwa hawapatani kabisa. Siku moja Berry alialikwa kwenda kupiga dramu na watu fulani. Alipofika akamkuta Mills ndiye mpiga besi. Alitaka kuondoka, lakini dramu zilikuwa zimeshafungwa, na kuzifungua tena ilikuwa kazi. Wakapiga. Tangu hapo hawakuachana, na 1979 wakahamia Athens pamoja kwa ajili ya chuo.

Weka akilini jambo moja kuhusu Berry, litarudi. Kabla ya chuo alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya Macon iliyokuwa ikiwatafutia wanamuziki shoo. Pale alikutana na Ian Copeland, aliyetoka London na begi la santuri za punk. Ian alikuwa na kaka anaitwa Miles, ambaye 1979 alianzisha lebo ya I.R.S., na mdogo wao Stewart alikuwa mpiga dramu wa The Police. Kijana wa Macon alikuwa amejikuta karibu na ukoo mzima wa muziki bila hata kupanga.

Aprili 5, 1980

Buck na Stipe walikuwa wanapanga vyumba ndani ya kanisa la zamani la St. Mary's, mtaa wa Oconee. Jengo lilikuwa halitumiki tena kwa ibada, limegawanywa hovyo kuwa makazi, na sehemu ya nyuma palikuwa na nafasi ya kutosha kupigia muziki. Rafiki yao wa pamoja ndiye aliyewakutanisha na Mills na Berry, na rafiki huyo huyo alikuwa anakaribia siku ya kuzaliwa. Akawaomba wamchezee kwenye pati.

Walikuwa na wiki chache tu za mazoezi. Jina hawana. Nyimbo nyingi ni za watu wengine, chache ndiyo zao. Lakini Jumamosi hiyo ya Aprili 5, 1980, kanisa lilijaa watu, bia zikamwagika, na mwisho wa usiku kila mtu alikuwa anauliza hawa ni kina nani.

Jina lilikuja baadaye kidogo. Walipitia mengine, mojawapo Twisted Kites, na mengine ambayo hayafai kuandikwa hapa. Mwishowe Stipe akafungua kamusi na kidole kikaangukia R.E.M. Ukitafuta maana utaambiwa ni ile hatua ya usingizi ambayo macho yanachezacheza na mtu anaota. Bendi wenyewe wamesema mara nyingi kwamba hawakuwa na maana hiyo kichwani. Walipenda herufi.

Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1990. Mnara wake bado umesimama, na mashabiki huenda kuupiga picha.

Dola 2 kwa siku

Julai 1980 walivuka mpaka wa Georgia kwa mara ya kwanza kwenda kupiga Chapel Hill, North Carolina. Aliyewaona huko ni Jefferson Holt, meneja wa duka la santuri. Alipagawa nao kiasi kwamba alihama mji akaenda Athens kuwa meneja wao. Mwingine aliyejisogeza ni Bertis Downs, mwanafunzi wa sheria, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanasheria wao. Kwa bendi ambayo haijarekodi hata wimbo mmoja, kuwa na mtu wa kusoma mikataba ilikuwa bahati kubwa. Wasanii wangapi wamelizwa na karatasi waliyosaini bila kuisoma?

Chuo wakakiacha mmoja mmoja. Kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata maisha yalikuwa barabarani: kipanya kuukuu cha buluu, Holt kwenye usukani, na posho ya chakula dola 2 kwa kila mtu kwa siku. Njia ya kuzunguka kwa bendi za aina yao ilikuwa haipo. Rock mbadala, kama tunavyoiita sasa, wakati ule ilikuwa haina hata jina linaloeleweka. Redio kubwa za Marekani zilipiga ama rock nzito ya wakongwe, ama pop ya vinanda vya umeme. Bendi ya gitaa isiyoangukia upande wowote ilipiga popote ilipokubaliwa: pizzeria, baa ya mashoga, klabu ya disko siku ambayo hakuna disko.

Kupiga mbele ya watu ambao hawakuja kukusikiliza wewe kunafundisha. Buck, ambaye hakuwa fundi wa gitaa, alitengeneza mtindo wa kudonoa nyuzi moja moja badala ya kuzikwangua zote, na solo hakuzitaka. Mills akawa anapiga besi kama vile ni gitaa la pili linaloimba, na juu yake anaweka sauti ya pili. Stipe yeye alikuwa anaimba kama mtu anayezungumza usingizini; maneno huyashiki, lakini hisia zinakufikia.

Singo iliyosahau anwani

Aprili 1981 waliingia studio ya Mitch Easter, Winston-Salem, North Carolina. Studio lilikuwa jina tu, kwa sababu ilikuwa gereji ya wazazi wa Easter. Hapo wakarekodi "Radio Free Europe". Mwanafunzi wa sheria kutoka Atlanta, Jonny Hibbert, aliitoa kwenye lebo yake ndogo ya Hib-Tone Julai mwaka huo.

Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, na 600 kati ya hizo zikatumwa bure kwa waandishi na redio. Hesabu hiyo inaonekana ya kichaa: unagawa zaidi ya nusu ya mzigo. Tena kwenye nakala hizo walisahau kuandika namna ya kuipata lebo. Mtu akiipenda, atakuagiza wapi?

Lakini hesabu ikajibu. Redio za vyuo, zinazoendeshwa na wanafunzi na zisizotegemea matangazo ya biashara, ziliushika wimbo na kuupiga mfululizo. Mahitaji yakaja, zikachapwa nakala nyingine 6,000. Mwisho wa mwaka The New York Times liliiweka kati ya singo 10 bora za 1981. Wimbo wa gereji, jamani. Miaka mingi baadaye Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa za taifa.

Kampuni kubwa zikaanza kunusa. RCA waliwataka. Lakini R.E.M. waliangalia upande wa I.R.S., ile lebo ya Miles Copeland. Bosi mmoja wa I.R.S., Jay Boberg, alisafiri kwenda kuwaona New Orleans, na Mei 1982 wakasaini mkataba wa albamu tano. Pesa ya kuanzia ilikuwa ndogo kuliko ambayo kampuni kubwa ingeweza kutoa. Walichopata ni uhuru wa kuamua wanarekodi nini na nani. Agosti mwaka huo ikatoka EP yao, "Chronic Town", nyimbo tano, zilizorekodiwa kule kule gerejini.

Jinsi walivyogawana

Hapa ndipo mimi naona ufunguo wa habari nzima ulipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwenye muziki, hela ya shoo ni kitu kimoja na hela ya utunzi ni kingine. Wimbo ukipigwa redioni, ukiuzwa, ukiwekwa kwenye filamu, anayelipwa haki ya utunzi ni yule ambaye jina lake limeandikwa kama mtunzi. Mara nyingi huyo ni mwimbaji au mpiga gitaa. Mpiga dramu anaweza kuzunguka na bendi miaka kumi, wimbo ukawa mkubwa duniani, na hakuna senti ya utunzi inayoingia kwake. Bendi nyingi zimevunjikia hapo hapo. Mmoja ananunua jumba, mwenzake bado anapanga.

R.E.M. waliamua mapema: kila wimbo utaandikwa Berry, Buck, Mills, Stipe. Majina kwa mpangilio wa alfabeti, mgao sawa kwa sawa, haijalishi wazo lilitoka kwa nani. Stipe aliandika karibu mashairi yote na hakuomba zaidi. Berry, mpiga dramu, alileta nyimbo nzima nzima na hakuomba zaidi.

Pili, kila mmoja alikuwa na kura ya turufu. Watatu wakisema ndiyo na mmoja akisema hapana, ni hapana. Unaweza kudhani utaratibu huo ungewakwamisha. Uliwachelewesha, ni kweli, lakini uliwakinga na kitu kibaya zaidi: hakukuwa na mtu wa kuburuzwa, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kununa kimya kimya kwenye kiti cha nyuma cha kipanya.

Mwaka ambao waliipita "Thriller"

Mtihani wa kwanza ulikuja mwishoni mwa 1982. I.R.S. waliwapa prodyuza Stephen Hague ili waanze albamu. Hague alikuwa mtu wa usafi wa kiufundi. Wimbo mmoja aliwarudisha tena na tena mpaka Berry akakata tamaa na dramu zake, halafu akaondoka na kanda na kuongezea kinanda cha umeme bila kuwauliza. Jibu la bendi unalijua. Wakarudi kwa lebo na kuomba Easter, wakiwa naye Don Dixon. I.R.S. walikubali kwa masharti ya kuwajaribu kwanza kwa wimbo mmoja.

Kwa hiyo Januari 1983 wakaingia studio ya Reflection, Charlotte. Hakuna solo za gitaa, hakuna vinanda vya kisasa vya wakati huo. Aprili 12, 1983 ikatoka "Murmur". Kava lake ni uwanja mzima uliofunikwa na kudzu, mmea wa kutambaa uliotoka Japani ambao kule kusini unameza miti, nguzo na nyumba zilizoachwa. Hakuna sura ya msanii hata mmoja mbele. Mchukue meneja masoko yeyote umwoneshe kava hilo uone kama atalala usingizi.

Mauzo? Nakala kama 200,000 kufikia mwisho wa 1983, na namba 36 kwenye chati ya Billboard. Siyo mbaya, lakini lebo ilitarajia zaidi. Singo, "Radio Free Europe" iliyorekodiwa upya, iliishia namba 78.

Halafu jarida la Rolling Stone likatoa orodha ya wakosoaji wake ya mwaka. Albamu bora ya 1983: "Murmur". Kumbuka mwaka huo ulikuwa na "Thriller" ya Michael Jackson ikiwa imeshika dunia, "Synchronicity" ya The Police na "War" ya U2. Kwa mauzo hakukuwa na mashindano hapo. "Thriller" ni sayari nyingine. Lakini kwa wakosoaji, vijana wa kanisa bovu walikuwa juu.

Mwaka huo huo walipata nafasi ambayo bendi yoyote changa ingeiota: kutangulia jukwaani kwenye shoo za The Police, ukiwemo Uwanja wa Shea jijini New York Agosti 1983. Hawakuipenda. Uwanja mkubwa, watu hawasikilizi, wanamsubiri mwingine. Walipotoka hapo wakaamua hawatatangulia tena kwa mtu. Bora klabu ndogo ambayo watu wamekuja kwa ajili yako.

Oktoba wakaingia kwenye TV ya taifa kwa mara ya kwanza, kipindi cha David Letterman. Walipiga "Radio Free Europe", kisha wakapiga wimbo mpya ambao hata jina ulikuwa haujapata. Letterman alipokuja kuzungumza, Stipe akaenda kukaa chini karibu na dramu na kuwaachia Buck na Mills wajibu maswali. Video ipo mtandaoni, itafute.

London karibu iwavunje

"Reckoning" ya 1984 ilirekodiwa haraka, kwa siku zisizofika 20, na wale wale Easter na Dixon. Kuna kisa kimoja kizuri hapa. Stipe alikuwa amechoka, sauti inatoka kwa mbali. Dixon akampa santuri ya kwaya ya injili aliyoikuta pale studio, na Stipe akaanza kuimba maandishi ya nyuma ya kasha, neno kwa neno, juu ya muziki wa wimbo uliokuwa umewashinda. Akachangamka. Toleo hilo la utani nalo lilitoka baadaye, linaitwa "Voice of Harold".

1985 haikuwa na utani. Walikwenda London kurekodi "Fables of the Reconstruction" na Joe Boyd. Baridi, mvua, chakula hawakipendi, wamechoka na miaka mitano ya barabarani. Walikaribia kabisa kuachana. Albamu yenyewe ina kiza chake, na ajabu ni kwamba imejaa hadithi za watu wa kusini mwa Marekani, iliyotungwa na watu waliokuwa wamekumbuka nyumbani.

Hawakuachana. Walirudi, wakabadilisha prodyuza, na 1986 "Lifes Rich Pageant" ikawaletea dhahabu ya kwanza. Sauti ya Stipe ikaanza kusikika wazi. Ghafla mtu anaelewa maneno. Mwaka uliofuata Scott Litt alisimamia "Document", na "The One I Love" ikafika namba 9 Marekani. Huo ndio ulikuwa wimbo wao wa kwanza kuingia kumi bora, miaka saba baada ya ile pati. Watu wengi huwa wanautumia kama wimbo wa mapenzi, wakati ukiusikiliza vizuri ni wa mtu anayemtumia mwenzake na kumwacha. Usiuweke harusini.

Desemba 1987 Rolling Stone likawaweka kwenye kava na kuwaita bendi bora ya rock Marekani. Berry alisema hadharani kwamba sifa hiyo ni ya Pylon.

"Document" ilikuwa albamu ya tano, maana yake mkataba wa I.R.S. umeisha. Tatizo lao kubwa na I.R.S. lilikuwa nje ya Marekani: huko santuri zao zilikuwa hazifiki inavyotakiwa. 1988 wakakaa mezani na Warner Bros., safari hii wao ndio wenye kuchagua, na wakasaini wakiwa na uhuru ule ule wa studio. Novemba 8 mwaka huo, siku Wamarekani wanampigia kura George Bush mkubwa, ikatoka "Green".

Uanzie wapi?

Kama bando linaruhusu, anza na "Murmur" yote, ukiwa na earphone, bila kutafuta mashairi. Ikikushika, rudi nyuma kwenye "Chronic Town". Kama inakuwa nzito, ruka mpaka "Lifes Rich Pageant", ni rafiki zaidi kwa sikio jipya. "Fables" iache ya mwisho, usiku, mvua ikinyesha.